Bahari Isiyo na Mashua

Ubavuni mwa Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Ufaransa, upo mto wa barafu uitwao Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu. Theluji huanguka huko juu mwaka baada ya mwaka, ikashindiliwa kwa uzito wake yenyewe hata ikawa barafu ngumu, nayo huteremka bondeni polepole. Mwaka 1842 mtaalamu mmoja, James Forbes wa Edinburgh, aliupima mwendo huo, akaona kwamba barafu haisimami mchana wala usiku.

Zamani wenyeji wa bonde la Chamonix waliiogopa mno. Katika karne ya 17 barafu ilikuwa ikisonga mbele, ikayakaribia makao na mashamba yao. Hata mwaka 1644 askofu aliandamana na watu mpaka mbele yake, wakamwomba Mungu airudishe nyuma.

Mwaka 1741 walifika Waingereza wawili, William Windham na Richard Pococke. Windham aliandika habari za safari yao, akaifananisha barafu na ziwa lililochafuliwa na upepo mkali, kisha likaganda ghafula. Tangu hapo wageni hawakukoma. Wenyeji wakawa viongozi wa safari, na kilichokuwa adui kikawa riziki. Mwaka 1909 reli ilifika Montenvers, penye ukingo wa bonde, na abiria waliitazama barafu ikiwa karibu tu chini yao.

Walakini barafu imerudi nyuma kweli. Tangu katikati ya karne ya 19 mto huo umepungukiwa na zaidi ya kilometa 2 za urefu wake, na siku hizi unakonda upesi zaidi, kwa kuwa makaa na mafuta tuyachomayo yanaitia dunia joto. Mwaka 1988 kilijengwa chombo cha kuning'inia kwenye kamba za chuma, kiwashushe wageni mpaka karibu na barafu. Barafu ikazidi kushuka, ngazi zikaongezwa, hata vidato vikapita 500. Kando yake viliwekwa vibao vya miaka, kuonyesha barafu ilipofikia zamani. Mwaka 2024 chombo kingine kilifunguliwa, juu zaidi bondeni.

Basi, msomaji, mababu waliomba barafu iondoke. Wajukuu wanaifuata isiwapotee. Nasi tuutazamao Mlima Kenya, ambao barafu yake nayo inayeyuka, tumekwisha kuwekewa vibao vya kusoma.