Klova na Mbadala Wake: Malisho ya Jamii ya Kunde Pembezoni mwa Dar es Salaam

Klova, yaani mimea ya malisho ya jenasi Trifolium katika jamii ya kunde, ilibadili kilimo cha Ulaya magharibi kuanzia karne ya 17, kwa kuwa mkulima aliyeipanda baada ya nafaka alipata chakula cha ng'ombe na papo hapo akaurutubisha udongo. Siri ya rutuba hiyo ilifichuliwa miaka ya 1880 na Wajerumani Hellriegel na Wilfarth, walioonyesha kwamba vinundu vya mizizi ya jamii hiyo hunasa nitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria. 

Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina klova zake za asili, miongoni mwake Trifolium usambarense, yenye jina la milima ya Usambara, na Trifolium semipilosum ya Kenya, ambayo Australia iliiendeleza kuwa mbegu ya malisho iitwayo Safari. Hata hivyo, mimea hiyo hustawi katika ubaridi wa miinuko, hivyo haikulifaa joto la Chanika, kata ya wilaya ya Ilala iliyo pembezoni mwa Dar es Salaam, mbele ya Pugu ukitoka mjini.

Huku pwani, haja ya malisho ilikua miaka ya 1980, pale mishahara ilipopoteza thamani na watumishi wa umma wakageukia ng'ombe wa maziwa ili kujazia kipato. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu ufugaji huo kwa ukomo wa ng'ombe wanne kwa mfugaji, tena walishiwe bandani, na kwa hiyo majani yaliyokatwa mabondeni na kando ya barabara yakawa bidhaa ya kubebwa kwa baiskeli.

Kwa kuwa nyasi hupungukiwa protini wakati wa kiangazi, kazi ya klova ilipewa mlusina, mti wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambao majani yake yana protini nyingi lakini pia yana mimosini, sumu inayomdhuru mnyama akizidishiwa. Mwaka huohuo wa 1992 mdudu mfyonza utomvu anayeshambulia machipukizi ya mlusina aliingia Afrika Mashariki, na glirisidia, mti asioudhuru, ikazidi kuthaminiwa. Kunde zenyewe ziliendelea kulisha nyumba kwa majani na mbegu, na zizi kwa mashina yaliyosalia. Hivyo, kazi ambayo Ulaya iliukabidhi mmea mmoja, pwani iligawanywa kwa mimea kadhaa, mgawanyo ambao ujio wa mdudu huyo ulithibitisha busara yake.