Michezo ya nyumbani ya watoto wadogo, Oldonyiro

Michezo ya nyumbani ya Oldonyiro ni shughuli zinazowakuza watoto wa wafugaji, hasa Wasamburu na Waturkana, kabla ya kuanza shule katika wadi hii ya Kaunti ya Isiolo, Kenya. Mchezo ulio tajiri zaidi ni wa boma: mtoto huzungusha vijiti vya miiba, kokoto kubwa zikawa ng'ombe, ndogo mbuzi, kisha huziswaga na kuzikagua zikiingia moja moja. Humo mna hesabu, lugha na wepesi wa vidole. Kutunga ushanga hufundisha rangi na mpangilio. Jioni ni vitendawili. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo kaunti inaweza kuipa michezo hii nafasi inayostahili darasani.