Mshipa, Mji wa Mimba na Kondo: Historia Fupi ya Istilahi

Mfasiri aandikaye juu ya mimba kwa ajili ya wasomaji wa Ngara na Biharamulo hukutana mapema na neno mshipa. Neno hili limetwishwa mzigo mzito: ni njia ya damu, ni neva, na tena ni jina la maradhi ya kuvimba korodani. Wasomaji hao, ambao wengi nyumbani husema Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma, hawana budi kupambanuliwa maana hizo.

Haja ya kupambanua ilikuja pamoja na elimu yenyewe. Mwaka 1774 William Hunter alichapisha picha za mji wa mimba, akishikilia kuwa damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Mnamo 1960 Psychoyos, huko Ufaransa, alitia rangi ya buluu katika damu ya panya wenye mimba. Siku ya tano rangi ilivuja, ikaacha madoa mahali pale tu kiinitete kilipokuwa kikijishikiza. Kumbe kapilari za hapo huanza kupitisha majimaji mapema sana. Baadaye chembe za kondo huingia katika ateri za mama na kuzipanua. Habari kama hizi hazielezeki kwa mshipa peke yake. Ateri, vena na kapilari, ingawa ni maneno ya kukopa, yanastahili nafasi yake.

Kazi hii ilifanyika kwetu pia. Mwaka 1982 Oduor-Okelo na Gombe, wa Nairobi, walieleza kondo la ndezi, adui wa mashamba ya miwa. Panya huchukua mimba siku 22 hivi; ndezi, takriban miezi mitano.

Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, walikuja na neno lao ingobyi: ni kondo, na ni mbeleko pia. Tunalionea wivu kidogo.

Lenye uzito zaidi ni kifafa cha mimba. Ateri za mji wa mimba zisipopanuka ipasavyo, mama huwa katika hatari ya ugonjwa huo. Lakini jina humfanya msikilizaji angojee kuanguka na degedege, ilhali shinikizo la damu hupanda kabla, pengine pamoja na maumivu makali ya kichwa na kiwi cha macho. Kwa hiyo twaona afadhali mfasiri ataje dalili hizo kwanza, na jina lifuate.