Wapagazi wa Vita na Sauti ya Watu



Watu wengi hutaja Kariakoo ya Dar es Salaam au Kariokor ya Nairobi pasipo kujua asili ya jina. Limetokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914–1918.

Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi zetu mahali pengi pasipokuwa na reli wala barabara. Punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa na watu. Katika wapagazi waliotoka Kenya walikufa zaidi ya 40,000, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Mishahara ya wengi wa marehemu haikuwafikia jamaa zao.

Waliosalia walirudi na fikira mpya. Mkikuyu alikuwa amelala kambi moja na Mkamba na Mjaluo, akajua ya kuwa shida ya mwenziwe ndiyo yake. Nao walitumaini shukrani. Badala yake, baada ya vita wanaume walilazimishwa kuchukua kipande, kodi ikapandishwa hata shilingi 16, na katika 1921 mabwana wa mashamba wakapatana kupunguza ujira kwa theluthi moja. Ndipo watu walipopima yale waliyotoa na yale waliyopewa.

Mwaka ule Harry Thuku, karani wa simu Nairobi, alianzisha chama kilichoitwa baadaye East African Association, kwa maana hakikuwa cha kabila moja. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai, na Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume kwa woga wao. Askari walipiga bunduki; serikali ilihesabu maiti 21, naye Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku alihamishwa Kismayu. Hata hivyo, baadaye kodi ilishushwa kuwa shilingi 12.

Hapana shaka manung'uniko yalikuwako kabla ya vita, lakini kila mtu alinung'unika nyumbani kwake. Vita ndivyo vilivyowakutanisha, wakatambua kwamba neno lao ni moja. Basi tusomapo habari za vita, tusiulize tu nani alishinda. Tuulize pia waliochukua mizigo walirudi wakisema nini.