Seva Nyepesi Zilivyozaliwa na Kunenepa

Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa nyepesi kuliko karibu zote zilizoifuata, kwa sababu ilikuwa haijadaiwa kitu. Tim Berners-Lee aliiandika mwishoni mwa mwaka 1990 pale CERN, karibu na Geneva, na ilikaa ndani ya kompyuta ya NeXT iliyobandikwa karatasi yenye wino mwekundu, kuonya watu wasije wakaizima. Kivinjari kilituma mstari mmoja tu: GET, kisha njia ya ukurasa unaotakiwa. Seva ilirudisha ukurasa, ikafunga mawasiliano. Hapakuwa na 404, hapakuwa na vidakuzi, wala haikuuliza wewe ni nani.

Jioni nafundisha vijana kuandika seva, hapa Morogoro. Wakiniuliza maktaba ipi ya TypeScript ni nyepesi, nawajibu kwa historia hii, na najua inawakera. Wanataka jina la kupakua, si habari za 1990. Lakini kila kilichoitwa chepesi katika fani yetu kilikuwa chepesi kwa kumtupia mtu mwingine kazi fulani, na usipojua alitupiwa nani, huwezi kuchagua.

Kazi ya kwanza kuongezwa ilikuwa kutengeneza ukurasa badala ya kuusoma tu kwenye faili. Mwaka 1993 Rob McCool, akiwa bado mwanafunzi, aliandika seva ya NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka huohuo ukazaliwa utaratibu wa CGI: ombi likiingia, seva inawasha programu nyingine, mara nyingi ya Perl, inangoja jibu, programu inakufa. Ombi jipya, programu mpya. McCool alipoondoka 1994, waliokuwa wakiitumia seva yake walibaki wakitumiana viraka kwa barua pepe. Mwaka 1995 wakajikusanya, na viraka vile vikawa Apache. Ilitawala miaka mingi, na ilistahili. Tatizo lake ni kwamba ilitenga mchakato mzima kwa kila aliyeunganishwa, hata kama hasemi kitu.

Mwaka 1999 Dan Kegel akauliza swali ambalo mafundi wa seva wanalikumbuka mpaka leo: kwa nini mashine moja isihudumie wateja 10,000 kwa wakati mmoja? Vyuma viliweza. Kilichoshindwa ni tabia ya kusubiri. Mama ntilie gani anabandika maharage kisha anasimama kuyatazama mpaka yaive, ndipo amuulize mteja wa pili anakula nini? Hayupo, ila seva za hivyo zilikuwepo tele. Igor Sysoev, aliyekuwa akifanya kazi Rambler huko Urusi, alitoa seva ya nginx hadharani mwaka 2004: michakato michache, kila mmoja ukishika maelfu ya wateja na kumwendea yule tu mwenye jambo lililo tayari.

Ryan Dahl alitaka tabia hiyo ya kutosubiri iwe mikononi mwa mwandishi wa programu wa kawaida, si ya fundi wa C peke yake. Alichagua JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitengeneza kwa siku 10 mwaka 1995 kwa ajili ya kivinjari cha Netscape. Ilionekana kama utani. Lakini V8, injini ya kasi ya Google, ilikuwa imetolewa bure mwaka 2008, na waandishi wa JavaScript walishazoea kusema "kitufe kikibonyezwa, fanya hivi", yaani kupanga kazi kwa matukio bila kusimama kusubiri. Tena lugha haikuwa na mazoea yake ya zamani ya kusoma faili, kwa hiyo hapakuwa na cha kubomoa. Dahl alikionyesha chombo chake, Node, mjini Berlin mwezi Novemba 2009. Julai ya mwaka huohuo mkongo wa SEACOM ulikuwa umewashwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, nasi tuliokuwa tukiishi kwa setilaiti tukaanza kupata intaneti inayotajika. Mimi ni mmoja wa waliojifunza kazi hii kwa sababu mambo hayo mawili yalikutana.

Node yenyewe ilikuwa tupu. Ukiandika seva mbichi, unaichambua njia ya ombi kwa mkono na kukusanya mwili wake kipande kwa kipande. Mwaka 2010 TJ Holowaychuk akaleta maktaba ya Express, akifuata nyayo za Sinatra ya lugha ya Ruby. Moyo wake ni mnyororo: ombi linapita kwenye fanksheni moja baada ya nyingine, na kila moja inaweza kulibandika kitu kabla ya kulisukuma mbele. Ya kwanza inasoma tokeni, kitambulisho cha mtumaji, na kuandika ombi.mtumiaji, ya tano inamsoma ombi.mtumiaji. Ni rahisi mno, ndiyo maana ilienea. Express ilibaki ndogo. Kilichonenepa ni folda ya node_modules, maktaba inayoita maktaba inayoita maktaba. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la maktaba za Node, kipande chake cha mistari 11, left-pad, na miradi kila kona ya dunia ikagoma kujengwa. Kwetu uzito huo una bei: mwanafunzi anayeanza mradi kwa bando la siku anaona megabaiti zikiyeyuka kabla hajaandika mstari wake wa kwanza.

Microsoft walipotoa TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, Oktoba 2012, kazi ya Anders Hejlsberg aliyewahi kutupa Turbo Pascal na C#, Express ilikuwa imeshaota mizizi. Aina zikaja kuvalishwa juu yake: watu wa kujitolea, chini ya mradi wa DefinitelyTyped, waliandika faili za kueleza maktaba ambazo hawakuziandika wao. Hapo ndipo mnyororo ulipoleta shida. Kikaguzi cha TypeScript kinataka kujua ombi lina nini. Express inajibu kwamba inategemea limepita wapi. Dawa iliyozoeleka ni kutangaza kwa programu nzima kwamba ombi lina mtumiaji, kisha kumwekea alama ya kuuliza: "mtumiaji?". Maana yake, labda yupo, labda hayupo. Basi hata kama tokeni umeihakiki mistari mitatu juu, kikaguzi bado kinakudai uthibitishe tena. Nimeona programu zilizojaa alama za mshangao za kukinyamazisha. Ukifika hapo, afadhali ungebaki na JavaScript yako.

Yusuke Wada wa Japani alianza maktaba ya Hono Desemba 2021 akiwa na haja ndogo: kuandika programu ya Cloudflare Workers, mazingira yanayotumia V8 bila Node na kufuata kanuni zilezile za kivinjari. Unapokea Request, unarudisha Response, basi. Hono haitegemei maktaba nyingine hata moja, na umbo lake dogo kabisa liko chini ya kilobaiti 14. Ila wepesi ninaoujali zaidi uko kwenye aina. TypeScript 4.1, ya Novemba 2020, ilikuwa imeruhusu aina kusoma ndani ya maandishi. Kwa hiyo ukiandika njia "/wanafunzi/:namba", kikaguzi chenyewe kinaichambua, kinaona nukta mbili, kinajua hapo kuna kitu kinachoitwa namba. Ukikiita kwa jina hilo unahakikishiwa maandishi. Ukiteleza ukaandika nmba, huhakikishiwi. Na fanksheni ya kuhakiki tokeni ukiiweka kwenye njia hiyohiyo, aina ya mtumiaji inasafiri nayo mpaka mwisho bila alama ya kuuliza. Hono nayo si malaika: ukifanya uvivu ukatangaza mtumiaji kwa programu nzima, ugonjwa wa Express unarudi, na safari hii huna hata alama ya kukutahadharisha.

Januari 2025, Node 23.6 ilianza kuendesha faili za TypeScript bila kuzigeuza kwanza. Inafanyaje? Inafuta aina zote, inaendesha kilichobaki. Wanafunzi wangu hushtuka wakiliona hilo, maana walidhani aina zinalinda mlango. Mtu akituma umri kama "ishirini" badala ya 20, aina zilishafutwa zamani. Ndiyo kazi ya maktaba kama Zod, iliyotoka 2020: inakagua data inapoingia, programu ikiwa inaendeshwa, na kutokana na ukaguzi huohuo TypeScript inapata aina yake. Kwa hiyo somo letu la kwanza la Hono halianzi na ukurasa wa salamu. Tunaandika njia moja ya POST ya kusajili mwanafunzi, tunaweka Zod mbele yake, halafu nawaambia watume uchafu wowote wanaoweza kuufikiria: jina tupu, umri hasi, JSON iliyokatika katikati. Kila kundi halikosi mmoja wa kutuma picha yake mwenyewe.