Batwa wa Kahuzi na Sheria ya Pori

Tukiutazama mlima Kahuzi kutoka upande wa Bukavu, twaona msitu tu. Lakini Batwa walikaa humo vizazi vingi: waliwinda, walipakua asali, walichuma dawa, na wafu wao walizikwa humo.

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliutenga mlima huo. Mwaka 1970 serikali ya Kongo ikaufanya hifadhi ya taifa, ili gorila wasimalizike. Mwaka 1975 mipaka ikaongezwa, toka kilometa za mraba 600 hivi hata 6000. Kulinda gorila ni kazi njema, hatubishi. Lakini Batwa walifukuzwa bila kupewa fidia.

Kwa nini? Sisi twaona hivi: mwenye shamba huonyesha migomba yake, na chifu hutaja mipaka yake. Mtwa aliishi kwa mawindo, hakuacha alama juu ya udongo ambayo karani angeweza kuiandika. Basi wengi wakawa vibarua katika mashamba ya wengine, na kuokota kuni katika msitu wa babu zao kukaitwa wizi.

Mwaka 2022 Kongo ilitunga sheria ya kulinda haki za Batwa na ndugu zao wa misitu mingine. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Batwa wa Kahuzi wapewe hati za ardhi yao, walipwe, waombwe msamaha hadharani. Tume haina askari wa kuitimiza hukumu yake. Na wazee wanaojua makaburi yalipo wanazidi kupungua.