Taa ya Mezani: Ilikotoka na Namna ya Kuitambua Iliyo ya Kale

Mwaka juzi, tulipokuwa tukigawana vyombo vya marehemu baba huko kijijini, palizuka ubishi juu ya taa moja. Ni taa ya mezani ya mafuta, ya shaba, ambayo baba aliachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa umeme, alitaka kuitoboa kitako apitishe waya ili iwake kama taa nyingine za nyumbani. Mimi nilikataa. Aliponiuliza sababu, nikabaki kusema tu kwamba ni ya zamani. Yeye akacheka, akasema hata sufuria la mama ni la zamani. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Wasomaji wataniwia radhi nikianza na maneno kabla ya vitu, kwani ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina msamiati mpana wa taa. Kandili limetujia kutoka Kiarabu, nacho kililipokea kwa njia ya Wagiriki kutoka neno la Kilatini la mshumaa. Fanusi nalo lilipita kwa Waarabu likitokea Ugiriki. Chemli limetokana na neno la Kiingereza la bomba la moshi, kwa sababu ya kioo chake. Kijitaa cha kopo ambacho Watanzania wanakiita koroboi au kibatari, sisi Uganda tunakiita tadooba, na jirani zetu wa Rwanda agatadowa. Lakini tazama: taa hizi ama hutundikwa, ama hubebwa mkononi, ama huwekwa popote penye nafasi. Iliyoundwa kwa ajili ya meza haina jina lake pekee. Tunalazimika kuieleza kwa maneno mawili, na hilo la meza lenyewe ni la Wareno. Wanafunzi wangu pia hawalijui neno chengeu, yaani kile kifuniko kinachozuia mwanga usichome macho, ingawa limo katika kamusi. Wengi husema "kofia ya taa", nami siwalaumu.

Tukija kwenye historia yenyewe, kwa karne nyingi taa ilikuwa ni chombo cha mafuta chenye utambi, moshi mwingi na mwanga haba. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Aimé Argand, mzaliwa wa Geneva, ambaye katika miaka ya 1780 alibuni utambi wa mviringo ulio wazi katikati, hivi kwamba hewa ikapita ndani na nje ya mwali. Juu yake kikawekwa kioo kirefu cha kuvuta hewa. Hataza yake ya Uingereza ni ya mwaka 1784. Hata hivyo, mafuta ya mimea ya wakati ule yalikuwa mazito, hayapandi utambi kwa urahisi, kwa hiyo tangi liliwekwa juu, ubavuni mwa mwali, na likatupa kivuli mezani. Ukiona taa ya kale yenye tangi kama mtungi ulioning'inia pembeni, usidhani fundi alikosa akili. Mafuta ndiyo yaliyomlazimisha.

Mafuta ya taa yalipopatikana, umbo hilo likapinduka. Tarehe 31 Julai 1853, katika hospitali ya mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, taa ya mfamasia Ignacy Łukasiewicz ilitumika kumulika upasuaji wa usiku. Mwaka 1859 Edwin Drake akachimba kisima cha mafuta huko Titusville, Pennsylvania, na bidhaa hiyo ikaanza kuwa rahisi. Kwa kuwa mafuta haya ni mepesi na hupanda utambi yenyewe, tangi likashuka chini ya mwali. Hapo ndipo tulipopata umbo tunalolijua: kitako, tangi, kichwa, kioo, na chengeu juu.

Taa ya baba ni ya kizazi kilichofuata. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach wa Austria alivumbua kijisoksi cha kitambaa kilicholoweshwa chumvi za madini. Kitambaa huungua, yakabaki majivu yanayong'aa sana yakipata joto. Kampuni ya Victor Johnson huko Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1908, iliunganisha kijisoksi hicho na utambi wa mviringo, ikatoa taa iliyoitwa Aladdin. Tofauti na karabai, hii haipigwi pampu wala haivumi. Nilipokipangusa kitufe cha kuinulia utambi, nikakuta jina hilo na namba ya modeli. Kwa taa za Aladdin, kitufe hicho ndicho cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo anayetaka kununua taa ya kale asiangalie umbo peke yake, maana umbo huigwa. Wafanyabiashara wa vitu vya kale kwa desturi huita cha kale kile kilichotimiza miaka 100. Kilicho chini ya hapo ni cha zamani tu. Ichambue taa kama tunavyochambua neno, mofimu moja moja, ujiulize kama kitako, tangi na kichwa ni vya rika moja. Nenda na sumaku: shaba haivutwi, bali chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa. Usiisugue sana, kwani weusi wa miaka ni sehemu ya thamani yake. Kioo kilichobadilishwa si kosa, vioo huvunjika. Lakini tundu lililotobolewa halizibiki. Ikiwa ni ya umeme, waya wa kale uliofunikwa kwa kitambaa na mpira hukauka na kupasuka, basi ubadilishwe na fundi kabla ya kuichomeka.

Jina nalo linadanganya. Taa za vioo vya rangi za Louis Comfort Tiffany wa New York zimeigwa mno, na leo karibu kila taa ya namna hiyo huitwa Tiffany. Hata zile za kweli zilificha jambo. Barua za Clara Driscoll, aliyeongoza idara ya wanawake wakata vioo katika karakana ile, zilionyesha kwamba yeye ndiye aliyesanifu nyingi za taa hizo, ikiwemo ile mashuhuri ya kerengende. Maonyesho yaliyomrudishia sifa yake yalifanyika New York mwaka 2007, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote kwa simu. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama kichwa cha taa kinafunguka kwa kuzungushwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi atatengeneza kichwa kingine cha umeme kitakachokaa mahali pale pale, waya utokee ubavuni, na kile cha baba tukifunge katika kitambaa tukihifadhi. Taa sasa iko mezani kwa mama. Umeme ukikatika, na hukatika mara nyingi, yeye hubadilisha kichwa mwenyewe.